Mgeni Anayetwanga Kahawa Yake

Utalii wa ubunifu ni ule ambao mgeni hushika kazi. Anasuka ukili, anachonga, anapaka rangi, anatwanga, na anayemfundisha ni mtu aliyeirithi kazi hiyo kwa wakubwa wake. Jina hilo lilitolewa mwaka 2000 na wataalamu wawili wa utalii, Greg Richards na Crispin Raymond, ingawa jambo lenyewe ni la zamani kuliko jina. Utalii wa chakula ni ndugu yake wa tumbo moja: mgeni anakula kinacholiwa mahali hapo, na mara nyingi anaingizwa jikoni kwanza. Kwa kijiji kisicho na mtaji, aina hizi mbili zina faida ambayo hoteli ya ufukweni haina. Hoteli huanza na ardhi, saruji na mkopo. Mama anayejua kupika mtori haendi benki kwanza ili aujue.

Swali ni nani anabaki na fedha jioni, mgeni akishaondoka. Jibu linatofautiana mno kutoka mahali hadi mahali, na tofauti hiyo inaonekana vizuri ukianzia Uru, kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro.

Kahawa iliingia mlimani mwishoni mwa karne ya 19, ikiletwa na wamisionari Wakatoliki wa Kilema. Wachaga waliichukua wakaipanda ndani ya vihamba, yaani mashamba yao ya nyumbani, chini ya kivuli cha migomba, pamoja na magimbi, maharage na majani ya ng'ombe wa zizini. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa mfano wa ushirika katika Afrika. Kahawa ililipa ada za shule, ikaezeka nyumba kwa bati, ikajenga zahanati. Kisha mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa viwango vya mauzo kati ya nchi wazalishaji ulivunjika, na bei ikaanguka. Wako waliong'oa mibuni wakapanda nyanya na mahindi. Wako walioiacha ijiotee yenyewe. Wakati huohuo kihamba cha babu kilikuwa kimegawanywa kwa wana, kikagawanywa tena kwa wajukuu, hadi mstari wa masale unaotenganisha ndugu na ndugu ukawa hatua chache tu kutoka mlangoni. Uru si mahali pa njaa, na ni vyema jambo hilo lisemwe wazi. Uhaba wake ni wa ardhi na wa fedha taslimu, na vijana wake wengi wamekwisha kushuka Moshi, Arusha na Dar es Salaam.

Katika hali hiyo ndipo wageni walipoanza kupanda hadi Materuni, kijiji kilicho karibu na mpaka wa msitu, chenye maporomoko ya maji yenye urefu wa takribani mita 80. Mwanzoni maporomoko ndiyo yaliyowavuta. Mtu alikuja, akapiga picha, akalipa kiingilio kidogo, akarudi mjini kula chakula cha mchana. Kahawa ndiyo iliyombakiza.

Mgeni akirudi kutoka majini, viatu vimelowa, hukaribishwa uani na kupewa buni nyekundu zilizotoka mtini. Anazimenya kwa vidole. Mbegu mbili zinachomoka zikiwa na ute, naye anaambiwa aulambe, akashangaa kwamba kahawa ni tunda tamu. Buni zinapitishwa kwenye mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono. Hapo zingepaswa kuvundikwa, kuoshwa na kuanikwa kwa siku kadhaa, kwa hiyo mwenyeji anatoa nyingine zilizokwisha kukauka, kama mpishi wa kwenye televisheni anavyotoa chungu cha pili chini ya meza. Kinachofuata ni kinu. Watu wawili wanatwanga kwa zamu, mchi huu ukipanda ule unashuka, wengine wanapiga makofi na kuimba ili mapigo yasigongane. Kisha ungo. Hapo ndipo mgeni hushindwa: maganda hayaruki, buni ndizo zinazoruka, na kuku wa mwenye nyumba wanasogea kuona kama kuna chao. Mama anauchukua ungo, anautikisa mara tatu, maganda yote yanakwenda na upepo. Sufuria inapandishwa juu ya mafiga, kahawa inakaangwa kwa mwiko hadi ianze kupasuka na kung'aa, inatwangwa upya ikawa unga, inachujwa na kuchemshwa. Kazi nzima huchukua kama saa mbili, na kikombe kinachopatikana mwishoni ni kichungu na kizito, chenye masimbi chini. Hakuna mgeni anayelalamika. Amekitengeneza mwenyewe.

Chakula hufuata: ndizi kwa nyama, mboga za majani, parachichi la mtini, na kwa anayetaka, mbege katika kibuyu. Mbege nayo ina somo lake, maana si kila mtu anajua kwamba ndizi zilizoiva huchemshwa na kuachwa zichachuke, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na kwamba ukali wake unatokana na gome la msesewe.

Hesabu ya mambo hayo ni rahisi. Mkulima anayeuza kahawa ya maganda kupitia chama chake hupimiwa kwa kilo, hupokea malipo ya awali, na huenda akasubiri nyongeza hadi mnada upite. Kukaanga, kusaga, kufungasha na kumimina kwenye kikombe hufanywa ng'ambo, na huko ndiko bei inakopandia. Uani pale Materuni hatua hizo zote zimerudi nyumbani, na gao dogo la kahawa linatosha kundi zima la wageni. Kijiji kimeuza kahawa kidogo sana, kikauza saa mbili za ustadi. Ndiyo maana KNCU yenyewe ilianzisha mradi wake wa wageni, Kahawa Shamba, katika miaka ya 2000. Mwaka 2011 shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, jirani na hapo, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia. Heshima hiyo hailipi ada ya mtoto. Lakini kijana wa Shimbwe anayemtembeza mgeni kufuata mfongo, ule mfereji wa maji uliochimbwa na mababu, ana la kueleza ambalo halimo katika kitabu cha mwongozo wa wapanda mlima.

Mto wa Mbu, wilayani Monduli, ni hadithi nyingine. Mji huu uko chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara iliyoanzishwa mwaka 1960, na karibu kila gari linalokwenda Ngorongoro na Serengeti kutokea Arusha hupita katikati yake. Kwa miaka mingi kupita ndiko kulikokuwa kila kitu. Wageni walilala katika hoteli za juu ya ukingo, wakala chakula kilicholetwa kwa gari kutoka Arusha, na mji ukabaki na vumbi. Walichouza wanawake kilikuwa ndizi nyekundu, zikipitishwa dirishani gari likiwa limesimama dakika mbili.

Katikati ya miaka ya 1990 shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, likishirikiana na Bodi ya Utalii Tanzania, lilianza mpango wa utalii wa utamaduni katika vijiji vya kaskazini, na Mto wa Mbu ukawa miongoni mwa vya mwanzo. Kilichouzwa pale ni ule mchanganyiko wa watu. Tangu mifereji ya umwagiliaji ichimbwe katika miaka ya 1950, mji umepokea wakulima kutoka kila pembe ya nchi, na wenyeji hujisifu kwamba makabila yote 120 ya Tanzania yana mtu wake pale. Majigambo hayo hayajawahi kuhesabiwa kwa makini, na hakuna anayejali. Mgeni anapita kwa baiskeli kati ya majaruba ya mpunga na mashamba ya migomba, anaona Mrangi akisuka mkeka wa mafunjo, mtu wa Kigoma akikamua mawese, Mchaga akichachusha pombe ya ndizi, Mmakonde akichonga mpingo. Vijana wanaochora Tingatinga, mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta juu ya hadibodi, humpa brashi ajaribu twiga wake. Twiga wa mgeni kwa kawaida hufanana na ng'ombe mwenye shingo ndefu, na ni huyo anayepelekwa nyumbani kwa fahari kuliko picha iliyochorwa na fundi.

Mchana mgeni hula nyumbani kwa mtu. Mezani kuna wali wa mpunga wa hapohapo, ndizi za kupika, maharage ya nazi, mchicha, mlenda, chapati, nyama ya mchuzi, na ndizi nyekundu za kumalizia. Chakula hiki kinastahili kuangaliwa kwa makini kuliko burudani yote iliyotangulia. Shilingi inayolipwa kwa mpishi inakwenda sokoni siku ileile: kwa muuza nazi, kwa mwenye mchele, kwa aliyelima mchicha kando ya mfereji, kwa kijana aliyebeba kuni. Shilingi inayolipwa kwa hoteli iliyoagiza siagi, juisi ya boksi na minofu ya samaki kutoka nje ya nchi inaondoka kwa njia iliyokuja nayo. Sehemu ya ada katika mpango huu ilitengwa tangu mwanzo kuwa mchango wa maendeleo ya kijiji, kwa ajili ya madarasa na mahitaji mengine ya wote. Wafadhili walipoondoka, vikundi vingi viliendelea kwa miguu yao wenyewe, jambo ambalo miradi michache ya maendeleo inaweza kujivunia.

Zanzibar kuna wageni wengi zaidi. Mwaka 2023 visiwa vilipokea zaidi ya watu laki 6, na mikahawa ya chakula cha asili, matembezi ya mashamba ya viungo kule Kizimbani na Kidichi, na jioni za Forodhani zenye urojo, mishikaki na juisi ya miwa zinajulikana hata na wasiowahi kuvuka bahari. Lakini mfano wenye mafunzo mengi uko pwani ya mashariki, kwenye mwani.

Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wakulima wake wengi ni wanawake. Maji yakipwa wakati wa bamvua hushuka hadi mbali, wakiwa wamejifunga kanga, na kufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizonyooshwa kati ya vigingi. Baada ya wiki kama sita huvuna, hubeba kichwani ukiwa unachuruzika maji ya chumvi mgongoni, na kuanika. Mwani mkavu husafirishwa nje, ambako hutolewa kiungo cha kugandisha kinachotumika katika dawa ya meno, aiskrimu na vitu vingine vingi. Kwa miaka mingi mkulima alilipwa shilingi mia chache kwa kilo. Juu ya hayo, bahari imepata joto, na aina yenye bei nzuri, inayoitwa kotonii, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Mwaka 2006 ulianzishwa mpango wa kuwaunganisha wakulima wa mwani Zanzibar, ukiongozwa na mtafiti wa sayansi ya bahari, Dkt. Flower Msuya, na wanawake wakaanza kusaga mwani wao na kutengeneza sabuni, mafuta ya kujipaka, kachumbari, hata juisi. Sabuni hutiwa mafuta ya nazi na harufu ya karafuu au mchaichai, ikakatwa na kuachwa wiki kadhaa ikomae. Kipande kimoja huuzwa kwa bei inayozidi ya kilo moja ya mwani mkavu. Kisha wageni wakaanza kuomba waonyeshwe. Sasa Paje na Jambiani mgeni hufuata wanawake shambani maji yanapokupwa, hufunga kamba yake moja, ambayo mara nyingi hufunguka kabla hajafika nchi kavu, na hurudi kituoni kukoroga sabuni. Ufukwe huohuo, hata hivyo, unagombaniwa. Wageni wengine wanataka kuogelea bila kukwaa vigingi, na wale wanaoteleza juu ya maji kwa tiara hukatisha katikati ya mashamba. Mwanamke yuleyule anayepigwa picha kwa ajili ya tangazo la hoteli ndiye anayeambiwa asogeze kamba zake. Hakuna kijitabu cha utalii kinachosema hivyo.

Kugeuza maisha ya watu kuwa onyesho ni hatari ya kweli, na mstari ni mwembamba. Kibera, Nairobi, kuna matembezi ya kuangalia umaskini, ambapo mgeni hupitishwa vichochoroni akiona mitaro na vibanda, na anayetazamwa hapati chochote. Katika mtaa huohuo kuna mafundi wanaochonga mifupa na pembe za ng'ombe kuwa hereni, bangili na vifungo, na mgeni anayekaa karakanani, akashika tupa, akavuta vumbi la mfupa na kununua alichojaribu kukitengeneza, amekutana na fundi. Wa kwanza amekutana na shida ya mtu. Tofauti hiyo haitokani na wema wa moyo wa mgeni. Inatokana na nani aliyepanga ziara na nani anayetaja bei.

Mafanikio nayo huleta mzigo wake. Comuna 13 ya Medellín, Colombia, ilikuwa mtaa wa vita vya magenge na wapiganaji hadi operesheni kubwa ya jeshi mwaka 2002. Mwaka 2011 mji uliwajengea wakazi ngazi za umeme za nje kupanda kilima, na vijana wachoraji wa kutani na waimbaji wa rapu wakaanza kuwatembeza wageni na kuwasimulia historia ya mtaa kupitia picha zao. Wageni wakawa umati. Leo vijia vimejaa wauza fulana, spika zinashindana, na mkazi anayepeleka mgonjwa hospitali anapenya katikati ya watu wanaojipiga picha.

Afrika Mashariki kero kubwa bado ni ndogo kuliko hiyo na ya karibu zaidi: kamisheni. Dereva anayemleta mgeni hudai yake, wakala wa mjini hukata yake, papasi, yule dalali wa mitaani wa Mji Mkongwe, Zanzibar, huongeza bei njiani, na mama aliyepika hupewa kinachobaki, mara nyingine baada ya mwezi. Vikundi vinavyodumu vimefanana katika mambo machache yasiyo na mvuto wowote. Bei imeandikwa ukutani. Wapishi hupeana zamu, ili nyumba ya mwenyekiti isiwe ndiyo inayopokea wageni kila siku. Mpishi hulipwa siku hiyohiyo. Mchango wa kijiji husomwa katika mkutano wa hadhara, shilingi kwa shilingi, na anayetaka kuuliza huuliza. Kuna choo kisafi na maji ya kunawa, maana mgeni akiugua tumbo mara moja, habari husambaa kuliko sifa ya chakula cha miaka 10. Na hakuna aliyeuza ng'ombe wake wala kuacha shamba kwa kutegemea wageni. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga viwanja vya ndege, waliokuwa na migomba na mpunga walikula. Walioacha kilimo wakageuka waongozaji watupu walitaabika.

Pengo lililo wazi kuliko yote ni la mgeni wa ndani. Vijiji hivi viliandaliwa kwa ajili ya mtu anayelipa kwa dola, na mara nyingi Mtanzania akifika huonekana kama aliyepotea njia. Hata hivyo kila Desemba mabasi hupanda Moshi yakiwa yamejaa watu wa Dar es Salaam, miongoni mwao watoto waliozaliwa mjini ambao hawajawahi kuona buni ikiwa nyekundu. Bei ya shilingi kwa wananchi, iliyo chini ya ile ya wageni wa nje, inaweza kujaza uani wa Materuni katika miezi ambayo ndege kutoka ng'ambo ni chache, na baadhi ya vikundi tayari vinatoza hivyo. Anayetaka kuchuma kahawa mwenyewe aende kati ya Julai na Desemba, inapoiva. Anayekwenda Aprili atatwanga ya akiba, na avae mabuti, kwa sababu njia ya kupanda huko wakati wa masika ni tope tupu.